Kuchagua hali ya sauti kwenye risiva ya sinema ya nyumbani

Kabla ya kubonyeza kitufe chochote cha hali ya sauti, tazama kioo cha risiva (kifaa kinachopokea sauti na kuigawa kwa spika) uone ni sauti ya aina gani inayoingia, kwa sababu filamu iliyorekodiwa kwa chaneli 5.1 (spika tano na sabwufa, yaani spika ya besi) huweza kufika ikiwa stereo tu, yaani chaneli mbili, pale televisheni inapokuwa imewekwa kutoa PCM (sauti ya kidijitali isiyobanwa), na hapo hakuna hali itakayorudisha chaneli zilizokwisha kuunganishwa. Rekebisha hilo kwenye menyu ya televisheni.

Sauti ikishafika kamili kama Dolby Digital au DTS, miundo ya sauti ya chaneli nyingi, iache ichezwe kama ilivyo. Hali zenye majina ya ukumbi, uwanja au kanisa huongeza mwangwi bandia, nami huzizima zote. Hufurahisha kwa dakika tano, kisha maneno ya waigizaji huanza kumezwa.

Kwa sauti ya chaneli mbili, hali ya Dolby Surround au DTS Neural:X huichambua na kupeleka mazungumzo kwenye spika ya kati, jambo linalomfaa hasa anayeketi pembeni. Muziki ni suala jingine: anza na stereo ya kawaida, inayotumia spika mbili za mbele pamoja na sabwufa. Hali ya Direct huruka marekebisho ya besi na trebo, na katika baadhi ya risiva sabwufa hunyamaza kabisa, hata mtu akadhani waya umechomoka. Usiku, washa hali ya usiku ili milipuko ishuke na minong'ono isikike.