Kubadili sakafu iliyochakaa kwa vigae

Sakafu ya saruji sebuleni kwangu ilikuwa imechimbika hadi miguu ya meza inapepesuka. Chumba ni mita 3 kwa 4. Kwa vigae vya sentimita 40 kwa 40 unahitaji 75, lakini nunua 83, maana vingine vitakatwa na vingine vitavunjika. Maboksi yote yawe na namba ile ile ya rangi.

Kwanza gonga sakafu kwa mpini wa nyundo. Panapolia kama mtungi mtupu, chimbua kwa tindo, ziba kwa saruji, uache pakauke vizuri. Mimi nilikuwa na haraka, nikapuuza kipande karibu na mlango. Leo kigae kile kinacheza, na mama mkwe hukikanyaga kila akija.

Vuta uzi katikati ya chumba, upange vigae vikavu kabla ya kugusa gundi. Paka gundi kwa mwiko wenye meno, eneo dogo dogo. Kila baada ya vigae kadhaa ng'oa kimoja utazame mgongo wake: kama hakijashika gundi kote, ongeza. Pima maji, kile kifaa cha kuonyesha kama vigae vimelala sawa, isikae mbali. Subiri saa 24, ndipo ujaze grauti, ule mchanganyiko wa kuziba nafasi kati ya vigae.