Mji Mkongwe kwa siku mbili, mkiwa watu wanane

Mji Mkongwe wa Unguja ni mdogo. Kutoka Malindi hadi Shangani ni mwendo wa robo saa kwa mtu asiye na mzigo, nusu saa ukiwa na bibi na mtoto wa miaka minne. Ndiyo maana safari za siku mbili haziharibiki kwa kukosa muda. Zinaharibika kwa sababu mpangaji ameorodhesha vituo kumi na viwili bila kujiuliza jua litakuwa wapi, maji yatakuwa yamejaa au yamekupwa, na ni nani kwenye kundi anayechoka kwanza. Panga kwa jua, kwa maji na kwa yule anayetembea taratibu kuliko wote.

Hapa tunazungumzia watu wanaovuka kutoka Dar es Salaam Jumamosi asubuhi na kurudi Jumapili. Wanane ni idadi nzuri: wanaenea kwenye boti moja ndogo na nyuma ya kiongozi mmoja bila kupotezana.

Kuvuka

Boti za kasi zinaondoka gati lililo Barabara ya Sokoine, mkabala na Kanisa la Mtakatifu Yosefu, na safari huchukua karibu saa mbili. Chukueni ya kwanza ya asubuhi. Tiketi zikatwe siku kadhaa kabla, hasa mwisho wa mwezi, sikukuu, na wikiendi ya tamasha la Sauti za Busara mwezi Februari, ambapo hata vyumba huwa shida. Jina kwenye tiketi lifanane na la kwenye kitambulisho, na kila mtu abebe chake mwenyewe. Mkikusanya vitambulisho vyote kwenye mkoba mmoja, mwenye mkoba ndiye atakayekwama kwenye foleni.

Jambo dogo linaloachisha watu boti: saa. Tiketi ikiandikwa 07:00, ni saa moja asubuhi, na wenyeji mnaelewana. Lakini mkiwa na shemeji aliyekulia Uingereza au Marekani, "saa moja" kwake ni jambo jingine kabisa. Kwenye kundi la WhatsApp andikeni zote mbili, na mpange kukutana getini saa nzima kabla ya boti kung'oa nanga.

Kichefuchefu hutegemea majira. Kuanzia Juni hadi Septemba kusi inavuma na mkondo unachafuka. Mkienda Unguja upepo unawasukuma kwa nyuma, lakini mkirudi Dar boti inaupiga uso kwa uso, kwa hiyo aliyesema "mbona kumetulia tu" Jumamosi ndiye anayeomba mfuko Jumapili. Kidonge cha kuzuia kutapika kimezwe nusu saa hadi saa moja kabla ya kuondoka. Kukimeza mawimbi yakishaanza ni kuchelewa. Kwa mtoto au mjamzito, muulizeni mfamasia kwanza. Kifungua kinywa kiwe chepesi, mkate na chai ya tangawizi, si supu yenye mafuta. Kaeni sitaha ya chini, katikati kuelekea nyuma, ambako boti hairuki sana, na macho yatazame mbali, si kwenye simu.

Pesa za pamoja

Kabla ya kuvuka, mchagueni mshika fedha mmoja. Mfuko wa pamoja ulipe vitu visivyogawanyika: kiongozi, boti ya kwenda kisiwa cha Changuu, viingilio, maji ya kunywa, bajaji au teksi. Zawadi na vitafunio ni juu ya kila mtu. Boti ndogo hukodishwa kwa chombo, si kwa kichwa, hivyo wawili wakijitoa asubuhi ile wale sita wanaziba pengo. Mchango uwe umeingia Ijumaa, kwa simu, na usirudishwe kwa atakayeghairi baada ya hapo. Inasikika kama ukali, lakini inaokoa urafiki.

Viingilio vya wakazi wa Afrika Mashariki na vya wageni wa nje mara nyingi hutofautiana. Vitambulisho visibaki hotelini.

Kushuka Malindi

Getini mwa bandari mtapokewa na papasi. Jina hilo ni la kupe, na limewakaa vizuri vijana wanaojigandisha kwa mgeni mpaka awafuate kwenye hoteli au duka wanalolipwa kamisheni. Jibu ni "tushapokelewa, asante", kwa utulivu, bila kusimama. Ukisimama kueleza unakokwenda, umekwisha. Kiongozi wa kweli ana kitambulisho cha kazi na hachukizwi ukiomba kukiona. Bei na muda mkubaliane kabla ya hatua ya kwanza. Saa tatu zinatosha.

Mabegi ya magurudumu hayapendi vichochoro hivi. Kuna mawe, mitaro na vizingiti. Mkiwa na mizigo mizito, hamali mwenye mkokoteni ni bora kuliko teksi itakayowaacha nusu ya njia kwa sababu gari halipiti; taja mtaa na bei kabla hajashika begi. Kigari cha mtoto kiacheni Dar, kanga inatosha.

Wakati wa kuweka chumba, ulizeni swali moja ambalo wengi hulisahau: ngazi ngapi? Nyumba nyingi za kulala wageni ni majumba ya zamani, ngazi zake nyembamba na za mwinuko mkali, lifti hakuna. Wazee wapewe ghorofa ya chini hata kama mandhari ya bahari yako juu.

Jumamosi

Mkifika saa tatu, acheni mizigo, nyweni chai, kisha nendeni Mkunazini kabla jua halijapanda. Kanisa la Anglikana limejengwa palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 Sultani Barghash aliposaini mkataba na Waingereza. Ndani, duara jeupe la marumaru mbele ya altare linaonyesha mahali panapotajwa kuwa na mti wa kuchapia watumwa. Waulizeni watoto nguzo zipi zimesimikwa kichwa chini. Zipo karibu na mlango, na husimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha hivyo askofu akiwa safarini. Nje kuna sanamu za watumwa ndani ya shimo, wamefungwa minyororo shingoni. Vyumba vya chini vya jengo la jirani ni vya dari fupi na hewa nzito: mwenye pumu au presha abaki juu, na mtoto mdogo aelezwe kwanza anachokwenda kuona. Tengeni saa moja na nusu, na msipachike kituo kingine kizito baada yake.

Soko la Darajani liko hatua chache tu kutoka hapo. Upande wa samaki pitieni haraka kama kuna mwenye tumbo jepesi. Viungo nunueni kwa kunusa: iliki iliyo nzima na ya kijani, mdalasini unaovunjika kwa sauti, karafuu yenye kichwa chake. Ukiibana karafuu nzuri kwa ukucha, mafuta hutoka. Zafarani ya bei ya kutupa si zafarani. Ya kweli ni nyuzi nyembamba nyekundu ambazo kwenye maji ya uvuguvugu hutoa rangi ya dhahabu polepole. Ikitoa rangi papo hapo na uzi ukabaki mweupe, umeuziwa rangi.

Mchana kuleni urojo. Bakuli moja lina mchuzi wa njano wenye ukali wa embe au ndimu, ndani yake bhajia za dengu, kachori, vipande vya viazi, mshikaki mmoja au miwili, juu chatine ya nazi na chipsi za muhogo zinazolia mdomoni kabla hazijalowa. Pilipili ombeni pembeni. Palipo na foleni ya wenyeji ndipo pa kula.

Kuanzia saa saba hadi saa tisa na nusu, laleni. Huu si uvivu. Kuta za mawe zinashika joto, vichochoro havina upepo, na watu wazima ndio huanza kugombana saa hizo. Kila mmoja awe amekunywa lita moja na nusu ya maji kufikia hapo.

Alasiri ndiyo ya vichochoro, na hapo msifuate ramani ya simu. Kati ya kuta ndefu hupotea na kuwazungusha. Mji una bahari upande mmoja na Barabara ya Creek upande wa pili. Ukishika uelekeo mmoja bila kugeuka nyuma, ndani ya robo saa utatokea kwenye kimojawapo. Pikipiki na baiskeli zinapita humo humo, kwa hiyo mtoto atembee upande wa ukuta. Baraza za mawe mbele ya nyumba zipo za kukaa. Mkimkuta mzee amekaa, shikamoo kwanza, ndipo bibi aombe nafasi.

Wapeni watoto kazi ya milango. Wenye kizingiti cha juu kilichonyooka kwa kawaida ni wa mtindo wa Kiarabu, wenye upinde juu ni wa Kihindi. Sogeleeni mmoja: pembeni mwa fremu kuna mnyororo uliochongwa ukishuka hadi chini, mara nyingine samaki karibu na sakafu, maua ya yungiyungi, na juu maandishi ya Kurani. Njumu za shaba zilizochongoka zina asili ya Bara Hindi. Wa kwanza kuona milango mitano yenye samaki anapata juisi. Watu msiwapige picha bila ruhusa, hasa kina mama walio mlangoni mwao. Mabega na magoti yafunikwe. Kaptura fupi ni za ufukweni.

Beit al-Ajaib, jumba la Barghash la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati. Msiwaahidi watoto kupanda ghorofani kabla ya kuulizia hali yake. Ngome Kongwe iko jirani na inatosha nusu saa. Makumbusho ya Freddie Mercury, aliyezaliwa hapa mwaka 1946, ni madogo. Kama hakuna mpenzi wa nyimbo zake kwenye kundi, piteni tu. Safari za mashamba ya viungo na msitu wa Jozani ziacheni kabisa. Kila moja inakula nusu siku, na mna siku mbili tu.

Fikeni bustani ya Forodhani kabla ya magharibi, vijana wakiwa bado wanajirusha baharini kutoka ukutani. Giza likiingia, ulizeni bei ya kila mshikaki kabla haujawekwa jikoni, maana hesabu ya mwisho hufanywa kwa kuhesabu vijiti na kila muuzaji ana hesabu yake. Pweza na kamba waliopangwa mezani chini ya taa tangu alasiri ndio huharibu Jumapili ya watu. Chagueni kinachopikwa mkiangalia: pizza ya Kizanzibari, chapati, muhogo wa kukaanga. Juisi ya miwa ikamuliwe mbele yenu, bila barafu kwa watoto.

Jumapili: maji kwanza

Changuu ni kama nusu saa kwa boti ya mashine. Kobe wake wakubwa wanatokana na wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Gereza lililojengwa pale halikupata wafungwa. Kisiwa kiliishia kuwa karantini ya wasafiri. Wengi huunganisha na Nakupenda, fungu la mchanga ambalo maji yakijaa linafunikwa. Hapo ndipo makundi hukosea: wanalipa, wanafika, mchanga haupo.

Maji husogea kama dakika 50 kila siku. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, Unguja hupwa mida ya saa nne hadi saa tano asubuhi. Ondokeni saa mbili na nusu, anzeni na kobe, mfike Nakupenda mchanga ukiwa mpana. Mwezi ukiwa nusu, maji mafu, asubuhi hiyo hiyo yamejaa na hupwa alasiri. Basi badilisheni siku: boti iwe Jumamosi baada ya usingizi, Mkunazini iwe Jumapili asubuhi. Hapo muulizeni nahodha mapema saa ya mwisho ya kurudi, msije mkakutwa na giza baharini.

Kupanda boti ni kwa kuingia majini, magotini au zaidi. Simu ziingie kwenye mfuko usiopitisha maji, na bibi apandishwe wa kwanza, watu wawili, mmoja kila upande. Hesabuni maboya ya kuvaa kabla ya kulipa: wanane kwa wanane, na la mtoto liwe la mtoto. Nusu ya malipo mtoe mkirudi. Kobe apewe jani refu, ulishike kwenye kikonyo, kwani hatofautishi jani na kidole. Kumpanda hairuhusiwi, lakini ukimkuna shingo anainuka na kuinyoosha, na hiyo ndiyo picha.

Mwezi wa Ramadhani msile wala kunywa barabarani mchana. Migahawa ya kawaida hufungwa, na mji huchangamka baada ya futari. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, boti ndogo zinaweza kulala siku nzima.

Kurudi, muwe Malindi saa moja kabla. Miezi ya kusi chukueni boti ya mchana badala ya ya mwisho, kwa kuwa upepo huwa mkali zaidi alasiri. Vidonge vimezwe mkiwa bado kwenye foleni, na viungo vya Darajani vifungwe mifuko miwili miwili, la sivyo nguo zote zitafika Dar zikinuka karafuu.