Dar hadi Mwanza: treni mpaka Dodoma, kisha basi

Anayekwenda Singida, Shinyanga au Mwanza halazimiki tena kupanda basi stendi ya Mbezi, Dar. Tangu Julai 2024 treni ya SGR (reli ya kisasa) inafika Dodoma kwa saa nne hivi, wakati basi likikutana na foleni kabla ya Chalinze laweza kula mara mbili ya hizo. Kazi iko kwenye kuunganisha.

Tiketi ya treni inunuliwe mapema kwenye tovuti ya Shirika la Reli Tanzania (TRC), hasa ya Ijumaa na za sikukuu. Jaza jina na namba kama zilivyo kwenye kitambulisho utakachobeba, kisha lipia haraka kwa namba ya malipo utakayopewa, maana ukichelewa nafasi inaachiwa mwingine. Nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa shilingi 31,000. Fika stesheni saa nzima kabla. Mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi na foleni yake haina huruma.

Sasa Dodoma. Stesheni ya SGR na stendi kuu ya Nanenane si jirani, kwa hiyo patana bei na bajaji au teksi kabla ya kupanda, na uache pengo la saa mbili kati ya treni na basi. Ukitumia treni ya alfajiri, mabasi mengi yanayoanzia Dodoma yatakuwa yameshaondoka. Utategemea yale yanayotoka Dar, nayo hupita yamejaa. Kata tiketi ya basi kabla, iandikwe kwamba unapandia Dodoma. Kama hukupata, afadhali treni ya jioni, ulale Dodoma, uondoke na basi la saa 12 asubuhi. Kwa mwenye watoto au mizigo mingi, hii ya pili ndiyo ya kuchagua hata kama gesti inaongeza gharama.

Mabasi ya usiku yaliruhusiwa tena Oktoba 2023, na yameleta kosa jipya. Tiketi ya tarehe 15 saa 00:30 ni ya usiku wa kuamkia 15. Uwe stendi tarehe 14 usiku. Ukienda 15 usiku, basi lilishafika.

Mpiga debe asipokee hela yako mkononi. Dai tiketi ya kielektroniki yenye namba ya basi, namba ya kiti na nauli.

Wa Mbeya, SGR haiwafikishi. Treni yao ni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Ina stesheni yake Dar, barabara ya Nyerere, kwa hiyo usiitafute mjini. Safari zake huahirishwa. Uliza stesheni kwanza, tena siku ileile unayotaka kulipa.