Ukiuza turbo iliyotumika, piga video ya shafti

Juzi nimeuza turbo ya Subaru hapa Kampala bila mabishano, kwa video ya nusu dakika tu. Shika ncha ya shafti upande wa kompresa (unaovuta hewa), itikise pembeni, kisha ivute na kuisukuma nje-ndani. Kucheza kidogo pembeni ni kawaida kwa beringi za bushi (zisizo na gololi), maana injini ikiwaka oili ndiyo inayojaza ile nafasi. Mjuzi hatakupunja kwa hilo. Ikicheza nje-ndani mpaka uhisi kwa kidole, au mapanga yamekwangua nyumba yake (ganda linaloyazunguka), iuze turbo kama inayohitaji kukarabatiwa. Onyesha na namba ya kibati cha turbo, kwenye soko la vipuri la Kisekka huulizwa hiyo kwanza. Sili inayovuja haionekani kwenye video, basi mwambie mnunuzi mapema. Na kwa turbo za beringi za gololi, kipimo hiki usikitegemee.