Jinsi ya Kudai Talaka Mahakamani Ukiwa Tanga

Huku kwetu Tanga wapo wanawake wengi wanaotunza sandukuni karatasi ya talaka iliyoandikwa na mume na kushuhudiwa na watu wawili, wakijua mambo yamekwisha. Edda inapita, miaka inapita. Siku ikizuka habari ya nyumba ya Makorora au ya watoto, ndipo wanapoambiwa kwamba kwa serikali bado ni mke wa mtu. Nimeliona hili kwa watu wangu wa karibu, na linaniuma, maana lingeweza kuepukwa mapema.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ndoa ivunjwe na mahakama. Karatasi ya mume haitupwi, lakini peke yake haitoshi.

Anza barazani. Hapa ndipo mashauri mengi yanapoangukia, kwa hiyo soma taratibu. Kabla ya mahakama kukusikiliza, mgogoro lazima upite kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Unaweza kwenda baraza la kata mnayoishi, au baraza la dini yenu linalotambuliwa kwa kazi hiyo: Waislamu wengi huenda BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), Wakristo kanisani. Mwenzako ataitwa, mtasikilizwa wote wawili. Wakili haingii humo. Usiende kwa hasira ya kumaliza siku moja. Eleza yaliyotokea, lini, na nani aliyaona.

Baraza likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati inayosema hivyo. Isome kabla hujatoka. Iwe na majina yenu sawasawa, tarehe, sahihi, na maneno ya wazi kwamba usuluhishi umeshindikana. Barua ya kawaida ya "tunamleta kwenu huyu" si hati hiyo, na shauri lililojengwa juu yake linaweza kufutwa hata katika rufaa, baada ya miaka ya kuhangaika. Hati ina umri wa miezi 6: ikipita bila kufungua shauri, unarudi barazani upya.

Kwa ndoa ya Kiislamu, mpangilio ndio huu: baraza lithibitishe kwanza kwamba limeshindwa, kisha talaka itolewe. Hapo mahakama itakubali kwamba ndoa imevunjika. Mume aliyetamka talaka kabla ya baraza ameanza nyuma mbele.

Wapo wasiolazimika kupita barazani, kwa mfano aliyetorokwa na mume wake asijulikane alipo, au ambaye mwenzake anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kuja. Na kama unapigwa, nenda kwanza Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Uhai wako hausubiri kikao.

Ukishapata hati, fungua shauri. Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu zote zina uwezo. Wengi wetu huanzia Mahakama ya Mwanzo, kwa kuwa ni karibu na gharama ni nafuu. Beba hati ya baraza, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na karatasi za mali. Kama ndoa haijatimiza miaka 2, unahitaji kibali cha mahakama kwanza.

Mwenzako atapelekewa samansi, yaani wito wa mahakama. Siku ya kusikilizwa utatakiwa kuonyesha kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika: ukatili wa mwili au wa moyo, uzinzi, kutelekezwa kwa miaka 3 au zaidi, na mengine. Lete mashahidi walioona kwa macho yao.

Mali, jamani, msidharau kazi zenu. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango katika chumo la ndoa. Kwa hiyo usiseme "mimi sikuchangia kitu". Sema ulichofanya: maandazi uliyouza Ngamiani, ada uliyolipa, mafundi uliowapikia nyumba ilipokuwa ikijengwa. Risiti ikiwepo, ilete.

Watoto huangaliwa kwa maslahi yao. Aliye chini ya miaka 7 sheria inamdhania ni bora akae na mama, ingawa dhana hiyo yaweza kupingwa. Matunzo ni wajibu wa baba hata watoto wakikaa kwa mama. Yaombe katika shauri hilohilo.

Hukumu ikitoka, chukua nakala ya hukumu na ya amri ya talaka, kisha ulizia usajili wa talaka RITA, wakala wa serikali wa usajili. Usiporidhika, Sheria ya Ndoa inatoa siku 45 za kukata rufaa, na zinakimbia. Kama huna uwezo wa wakili, ulizia wasaidizi wa kisheria katika kata yako. Msaada wao ni bure kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.