Jinsi ya Kubadili Rangi za Aikoni katika iOS 18
Tangu iOS 18, mfumo endeshi wa iPhone, ilipotolewa mwaka 2024, mwenye iPhone anaweza kuzipa aikoni zote (picha ndogo za programu) rangi moja bila kupakua programu nyingine. Shikilia sehemu tupu ya skrini ya mwanzo mpaka aikoni zitikisike, gusa kitufe cha kuhariri (Edit) kilicho juu kushoto, kisha ufungue sehemu ya mwonekano (Customize). Ukichagua rangi moja (Tinted), vitelezi viwili, yaani vidhibiti vya kutelezesha kwa kidole, vitakuwezesha kupanga rangi na ukolezi wake. Watumiaji wengi hulalamika, nami nakubaliana nao, kwamba WhatsApp ikipoteza kijani chake jicho huchelewa kuitambua. Kwa hiyo anayefungua programu kwa haraka na achague mwonekano wa giza (Dark), unaohifadhi rangi za asili kwa kiasi kikubwa.