Kusema "kidogo" kwa Kiingereza bila kugeuza maana

Neno letu "kidogo" hubeba mengi: maji kidogo, subiri kidogo, ghali kidogo. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kwa maneno kadhaa, na anayeyachanganya huweza kusema kinyume cha alichokusudia.

Hatua ya kwanza ni kutazama kama kitu kinahesabika. Hili halitutaabishi, kwani nasi hutenganisha watu wachache na maji kidogo: vinavyohesabika huchukua "a few", visivyohesabika huchukua "a little".

Hatua ya pili, ambayo naomba uisome taratibu, ni kutoidondosha "a". Kwa kuwa lugha yetu haina kineno cha namna hiyo, tunakiona kama pambo na kukiacha. Anayesema "I have a little money" anazo fedha kidogo, pengine za kutosha nauli. Anayesema "I have little money" analalamika kwamba fedha zake ni haba. Kiasi chenyewe huenda ni kilekile, ila msemaji wa kwanza anatazama kilichopo na wa pili anatazama kilichopungua. Kwa hiyo ukimwandikia mwajiri "I have little experience" kwa nia ya unyenyekevu, umemwambia kwamba uzoefu wako si wa kutegemewa. "Few friends" nayo ni upweke, ilhali "a few friends" ni marafiki wachache ambao mtu anao.

Hatua ya tatu inahusu sifa. Katika mazungumzo tumia "a bit", na katika maandishi rasmi au vipimo tumia "slightly", kama vile "slightly higher". Asili ya "bit" ni kuuma, yaani kipande kilichomegwa kwa meno, na mbele ya nomino hudai "of": "a bit of bread". Neno hili huelekea zaidi kwenye kasoro na kero. "A bit expensive" ni sawa, lakini "a bit good" haisemwi, ingawa "a bit better" inakubalika.

Kwa rangi na saa kuna kiambishi "-ish": "greenish" ni kijanikijani, na "sevenish" ni saa moja hivi.

Maswali ya wanachama

Swali: Je, "quite a few people" ni watu wachache sana?
Jibu: Hapana, ni watu wengi kiasi. Ukitaka wachache sana, sema "very few".

Swali: "Not a bit" na "not a little" zina maana moja?
Jibu: Zinapingana kabisa. "Not a bit surprised" ni mtu ambaye hakushangaa hata kidogo. "Not a little surprised" ni mtu aliyeshangaa sana.

Swali: Msimamizi wangu, ambaye ni Mwingereza, ameandika kwamba ripoti yangu ni "a bit disappointing". Nisahihishe sehemu ndogo tu?
Jibu: Waingereza wengi hutumia "a bit" kupunguza makali ya lawama, wala si kupima ukubwa wa kosa. Muulize ni sehemu zipi, ukiwa tayari kuiandika upya.